Fundi wa Miibani

Mei 17
Tumemaliza kupanda shayiri shamba la juu. Asgar, jirani yetu, alifika na ng'ombe wake wa kulimia kabla hata sijafungua mdomo kumwomba, na nyuma yake akaja mkewe Sugra, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu. "Kaniza, mbona umekauka hivyo? Chakula chote unampa mama mkwe?" Nikacheka, maana mtu akikulimia bure utamjibu nini. Lakini jibu lilikuwa hapa hapa kooni. Mama mkwe hali chochote. Tangu theluji ianze kuyeyuka anakunywa chai ya chumvi na siagi, kikombe asubuhi na kikombe jioni, basi.

Mei 18
Mvua ya mawe. Hakuna kazi.

Mei 22
Nimeanza kuandika haya kwa sababu nyumba hii ina watu wawili na mmoja wao hanisemeshi. Miaka yote niliyoolewa hapa sijawahi kuitwa jina langu. "Mke wa Sajjad, chai." "Mke wa Sajjad, funga mlango." Sajjad alikuwa akinikonyeza nyuma ya mgongo wa mama yake, nami nabana kicheko. Sasa hakuna wa kunikonyeza. Januari poromoko la theluji lilimfunika kwenye barabara ya mji wa Drass, akirudi na vitambaa vya nguo za harusi za watu. Mama yake bado ananiita mke wa Sajjad, na kila akiniita ni kama nimechomwa sindano.

Macho yake yameingia ukungu na miguu imekataa. Analala chini ya dirisha linalotazama kichaka chetu, kile cha waridi mwitu na ile miiba yenye vitunda vichachu vya rangi ya chungwa, kati ya ukuta wa shamba na mfereji wa maji. Cherehani ya Sajjad, ile ya mkono, iko pembeni yake. Nimeifunika shuka. Kaka yangu ametuma salamu kwamba huyu bibi akishafariki nirudi nyumbani kwa baba. Hakuuliza hata bibi anaumwa nini.

Mei 23
Amekataa hata chai.

Mei 30
Fundi amerudi.

Namaanisha ndege. Huku kwetu humwita fundi wa miibani, kwa sababu mlio wake ni cherehani tupu: tika-tika-tika-tika, haupandi haushuki, mpaka unajiuliza anapumua saa ngapi. Huja shayiri ikishatoboa udongo na huondoka kabla ya mavuno. Zamani, nasikia, kila shamba lilikuwa na wake. Siku hizi kimebaki hiki kichaka chetu. Wateja wa Sajjad walikuwa wakimtania mlangoni, "Ndugu yako amerudi, mpe nguo zetu yeye, labda atazimaliza mapema."

Alfajiri nilikuwa napuliza moto wa samadi nikasikia, "Mke wa Sajjad! Njoo!" Nikakimbia nikidhani ameanguka. Nikamkuta ameketi mwenyewe, amegeuza sikio dirishani.

"Anashona," akasema.

"Nani, mama?"

"Nani tena? Mume wako. Kaamka mapema leo. Lete uji."

Nikasimama pale na kijiti cha moto mkononi. Nikamwambia, polepole, "Mama, yule ni ndege."

"Mimi nimemzaa, wewe umemkuta mkubwa. Mkono wa mwanangu siujui? Lete uji nimesema."

Nilileta. Akala bakuli lote la uji wa shayiri, akafuta na mkate. Nami nikatoka nje kulia kwenye rundo la majani ya ng'ombe, kwa sababu alikuwa amekula, na kwa sababu ya kilichomfanya ale.

Juni 3
Nimefanya ukatili. Alinituma nimpelekee Sajjad chai kichakani, "atashikwa na baridi huko na umande," na sijui nini kilinipanda. Nikapiga kelele: "Amekufa, mama! Amekufa Januari, amezikwa, kwa nini unanifanyia hivi?" Aligeukia ukutani, na tangu hapo hajagusa kitu. Sugra akapita na kuuliza ni nani aliyekuwa anagombana. Nikamwambia nilikuwa namfukuza mbuzi.

Juni 4
Fundi ameanza kabla ya mwanga. Mama amekula. Sitasema tena.

Chai nimepeleka kichakani, nimeinywa huko mwenyewe, nimerudi na kikombe kitupu. "Kamaliza?" "Kamaliza, mama."

Juni 9
Kila siku nakwenda na kile kikombe, kwa hiyo kila siku najaribu kumwona. Wapi! Unasikia yuko hapa karibu na goti lako, unainama, mlio umehamia kule. Haruki kama ndege wenzake. Anakimbia chini kama panya, kati ya mashina, na ukimkaribia ananyamaza mpaka uchoke wewe. Leo nimekaa mpaka chai ikapoa, na nilichoona ni jani moja limetikisika pasipo upepo.

Sajjad alikuwa akisema kwamba katika maisha yake yote alimwona mara moja tu, akiwa mdogo, na hakuna aliyemwamini kwa sababu alisema ndege mwenyewe hana uzuri wowote.

Juni 10
Zamu yetu ya maji. Nimelowa mpaka kiunoni.

Juni 15
Nimeona kiota! Mbuzi jike alichomoka kamba akaingia kichakani, nikaingia kumvuta, miiba ikanichana mikono yote, na pale chini kabisa, kwenye nyasi zilizoshikana na tawi la waridi, kibakuli cha majani makavu. Ndani yake mayai meupe yenye madoadoa mekundu kama mtu amekung'uta brashi ya rangi. Mwenye nyumba alitoka mbio akipita juu ya kidole changu cha mguu, na bado sikumwona vizuri.

Nikamsimulia mama. Ujinga wangu, nilisahau kwamba kwake yule ni Sajjad. Nikasema, "Mama, kuna mayai." Akasema, "Usikanyage kanyage huko, basi. Mbuzi mfunge ng'ambo." Hakuuliza mayai ya nani. Nimelifikiria jambo hilo siku nzima.

Jioni alinieleza Sajjad alivyojifunza kushona. Aliwahi kushona mikono miwili ya koti upande mmoja, na mteja, mzee mmoja mtani, akalivaa hivyo hivyo akaenda nalo msikitini. Tulicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijajua kwamba mama mkwe wangu ana jino la dhahabu huku nyuma.

Juni 20
Tangazo la kuta limetoka. Wiki ya kwanza ya Julai mifugo ya kijiji chote inapandishwa malishoni mlimani, na kila nyumba inatakiwa iwe imeweka miiba juu ya ukuta wake unaopakana na njia ya mifugo. Kipande chetu ni kirefu, na miiba yetu siku zote hukatwa hapo hapo kichakani. Kila mwaka Sajjad alikuwa akikata upande mmoja tu, akiacha wa pili. Sasa mwaka jana alikata ule wa juu, kwa hiyo zamu ni ya upande huu wenye kiota.

Siwezi. Mayai yataanguliwa siku yoyote. Na nikikata, dume anayeshona atahama, na huyu dirishani atakula kwa kusikia nini?

Juni 24
Sugra: "Kaniza, ukuta wako uko uchi, mwenzangu. Ng'ombe hawajui kama una msiba, watakula shayiri yako yote."

Mimi: "Nitaweka."

"Lini? Wenzako wote wamemaliza. Au unangoja miiba itembee yenyewe?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba ukuta ni wangu na shayiri ni yangu. Akaniangalia, akafunga kitambaa chake vizuri, akaondoka. Najua anavyosema huko kisimani: hawezi, mwanamke peke yake, ataifunga ile nyumba. Ningemwambia nini? Kwamba mama mkwe wangu anadhani ndege ni mwanawe? Kesho kijiji kizima kingejua bibi amerukwa na akili, na watoto wangekuja kumchungulia dirishani. Hapana. Bora wanione mvivu.

Juni 27
Wameanguliwa. Jike na dume wanapishana na viwavi mdomoni. Dume bado anashona asubuhi na jioni, ila kwa vipande vipande, kama mtu anayeitwa mezani kila mara. Mama mkwe anasema, "Ana kazi nyingi msimu huu." Anakula vizuri. Leo ameomba aprikoti kavu zilizolowekwa.

Juni 28
Nimepata njia. Ng'ambo ya mto, baada ya daraja la kamba, kuna miiba isiyo na mwenyewe. Ni mbali na ni mlima, lakini nitakwenda na kikapu cha mgongoni na kurudi, siku kadhaa, mpaka ukuta uishe. Hakuna atakayeniuliza.

Juni 29
Mzigo mmoja. Mgongo umechanika kupitia koti. Mzigo nimeulaza nyuma ya nyumba.

Juni 30
Mzigo wa pili. Mama amenipaka siagi mgongoni kwa mikono yake isiyoona. "Umeitoa wapi miiba hii yote?" "Ng'ambo, mama." "Kwa nini ng'ambo, nyumbani ipo?" Nikamgeuzia bega la pili. Akaendelea kupaka. Baadaye sana akasema, "Wewe ni mtoto mwema, Kaniza."

Kaniza. Nimeliandika hapa ili kesho nisidhani nimeota.

Julai 1
Sijui nianzie wapi.

Nilitoka asubuhi na mapema. Mama alikuwa ameshakula, fundi anashona, jua limepiga theluji ya kilele. Nilikata ng'ambo mpaka mchana. Nikarudi na mzigo mkubwa kuliko yote, nimeinama hata sioni mbele ila miguu yangu mwenyewe, na nilipofika karibu na mfereji nikasikia watu wanacheka. Kicheko cha kazi, kile cha watu walio pamoja na wameifurahia siku. Nikajua kabla sijainua kichwa.

Nikaweka mzigo chini. Ukuta wetu wote, kutoka mfereji mpaka kona ya njia ya mifugo, ulikuwa umevikwa miiba mibichi, imepangwa vizuri sana, mawe yamewekwa juu yake. Maua ya waridi yalikuwa bado hayajanyauka. Na pale penye kichaka palikuwa na udongo. Udongo na visiki. Niliona hadi mfereji wote, sehemu ambayo sijawahi kuiona tangu nije hapa.

Asgar alikuwa anafuta shoka. Walikuwepo wengine wa upande wetu wa kijiji, wanaume kwa wanawake, mikono yao yote ina damu ya mikwaruzo. Sugra akanikimbilia amenyoosha mikono. "Si unaona? Wewe ulidhani tutakuacha? Nilimwambia Asgar, yule ana kiburi, hatatuomba mpaka afe, tungoje atoke tumalizie. Tumekukatia zote, pande zote mbili, mwaka ujao usihangaike!" Na alikuwa analia, Sugra yule. Akanikumbatia. "Nilikusema vibaya, Kaniza, nisamehe. Nilidhani uvivu, kumbe mwenzangu umezidiwa."

Ningefanya nini? Nyumba isiyo na mwanamume, kijiji huifanyia kazi yake bila kuombwa, ndivyo tulivyo, na mimi mwenyewe nimewahi kubeba mawe ya wajane wengine nikiimba. Aliyefanyiwa hutoa chai. Basi nikasema, "Mungu awalipe." Mdomo wangu ndio uliosema.

Kisha nikauliza, "Na mama?"

"Ah, bibi," akasema Sugra, akashusha sauti. "Alipiga kelele kidogo. Anasema mnamuumiza fundi, mwacheni fundi. Nikaingia nikamshika mkono, nikamwambia, bibi tulia, ni sisi, tunawasaidia. Umri tu, usijali."

Nikapika chai. Nikaikoroga siagi, nikatoa mkate na aprikoti zile za mama, nikawagawia mmoja mmoja, wakakaa kwenye ukuta wa mfereji wakinisifu chai. Na hapo ndipo tukamwona. Jike alitoka chini ya jiwe na kiwavi mdomoni. Akakimbia kwenye ule udongo mtupu mpaka pale palipokuwa na waridi, akasimama. Akazunguka kisiki. Akarudi. Akazunguka tena, mbele ya watu wote, mchana kweupe, ndege ambaye Sajjad alimwona mara moja tu maishani.

"Ni yupi huyo?" mmoja akauliza.

"Si ndiye fundi," akasema Asgar. "Ndiye yule wa cherehani."

"Kumbe kadogo hivyo?"

Wakacheka. Ni ndege wa rangi ya udongo, tumbo jeupe lililochakaa, mdomo mrefu kuliko inavyompasa. Sajjad alisema kweli. Sugra peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kisha akatazama ule mzigo wa miiba ya ng'ambo niliouacha njiani, kisha dirisha la mama. Akaweka kikombe chini kabla hajamaliza.

Nilipoingia ndani mama alikuwa amegeukia ukutani.

Julai 2
Kimya. Hajala.

Julai 3
Jike hakuonekana tena. Dume sijui. Nimetafuta mpaka mashamba ya chini, nimeinamisha sikio kila penye kijiti. Hakuna. Mifugo imepanda mlimani leo, mamia, kengele na vumbi, na hakuna hata mmoja aliyegusa shayiri yetu.

Julai 4
Sugra alikuja na maziwa ya mgando. Alikaa mlangoni, hakusema neno, Sugra! Mwisho akauliza, "Bibi alidhani ni Sajjad?" Nikaitika kwa kichwa. Akajifunika uso. "Si ungeniambia," akasema. "Mimi ningekaa hapo na fimbo nikawafukuza wote, kuanzia mume wangu." Na ni kweli, angefanya hivyo. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta na nilikuwa simjui.

Julai 5
Maji tu, kwa kijiko. Midomo imepasuka.

Julai 6
Alfajiri niliifunua cherehani. Sikuwa nimepanga. Niliketi chini karibu na kichwa chake, nikatoa uzi kwenye sindano, nikashika mpini nikazungusha. Tika-tika-tika-tika. Chuma kilikuwa kimelala tangu Januari, kikalia kidogo, kisha kikalainika. Nilizungusha na machozi yananidondokea mkononi, nikiona aibu kama mwizi, kumdanganya mgonjwa kwa chombo cha mwanawe.

Akageuka.

"Unakimbia mno," akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Sajjad hakukimbia hivyo."

Nikaacha.

"Nilimbusu kwenye paji la uso walipomleta, Kaniza. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mimi si mwendawazimu."

"Sasa kwa nini, mama? Kwa nini chai? Kwa nini ulinifanya nibebe chai?"

Akapapasa mpaka akaishika shuka niliyoifunua.

"Ulikuwa hutoki humu ndani ila kazi ikikuita," akasema. "Ulikuwa unakaa umeitazama hiyo shuka. Nikasema moyoni, huyu angalau atafika mpaka kichakani." Akapumua. "Na mimi ule mlio ulinifaa. Usidhani haukunifaa. Haya, zungusha. Polepole. Mguu wake ulikuwa unatikisika akishona, ndiyo maana mshono ulikuwa na mwendo."

Nikazungusha polepole. Baadaye akafungua mdomo, nikampa uji.

Julai 20
Kila asubuhi na kila jioni. Anakula kidogo. Hachelewi kunikosoa. "Umeamka vibaya leo." "Hapo ndipo Sajjad alikuwa anabadilisha uzi."

Agosti 8
Shayiri imeanza kuwa njano. Nimetia uzi na kitambaa kweli, nashona koti la mama ambalo Sajjad aliliacha halina mikono. Namuuliza mkono wa kushoto unaingia wapi, anasema, "Uweke popote, nitalivaa niende nalo msikitini." Mvua haijanyesha hata tone.

Agosti 9
Joto.

Agosti 27
Ni wakati ambao fundi huondoka, hata mwaka mzuri. Mama kalikumbuka hilo mwenyewe. "Angekuwa anaondoka sasa hivi," akasema, "kama angebaki hai." Koti limekwisha. Limemzidi upana, kakonda tangu apimwe.

Septemba 4
Amefariki leo, jua likitoka. Nilikuwa nazungusha. Sikujua. Niliendelea kuzungusha sijui muda gani.

Septemba 6
Sugra alimwosha pamoja nami. Alimwosha kama mtu anayeosha mtoto wake, na hakuongea.

Septemba 15
Wamekuja wote kunivunia shayiri, na safari hii Asgar alisimama ukutani akauliza kwa sauti, mbele ya watu, "Kaniza, tuguse wapi na wapi tusiguse?" Wengine walidhani anatania. Nikawaonyesha. Kando ya mfereji amechomeka vijiti vya waridi, vyote vimeshika. Anasema miaka mitatu, minne, patakuwa na kivuli cha kutosha ndege kujificha. Hakusema kama kuna ndege aliyebaki wa kujificha, nami sikumuuliza. Tangu Julai, juu wala chini ya bonde, hakuna aliyemsikia.

Septemba 19
Kaka amekuja na punda, wa kubebea vitu vyangu. Ameketi jikoni anakunywa chai na kuitazama nyumba kama imeshafungwa.

Sugra alinikuta mferejini. "Utakwenda?"

"Sijui. Nibaki na nani?"

Akachota maji, akajitwika, akakaa hivyo hivyo na maji yanamdondokea. "Mimi nitakwambia kitu, usinicheke. Kila asubuhi nilikuwa nasikia cherehani yako. Nimezoea. Ikilia najua umeamka, unapumua. Tangu bibi aondoke haijalia, na kila siku naja mpaka kona ya ukuta nakuchungulia kama moshi unatoka. Nimechoka kuchungulia, Kaniza."

Septemba 20
Kaka alikuwa bado amelala. Niliketi chini ya dirisha kabla ya kuwasha moto nikazungusha mpini, bila kitambaa, bila uzi, polepole kama nilivyofundishwa. Nje ni visiki na baridi ya kwanza. Nilizungusha mpaka ng'ambo ya ukuta nikasikia mlango wa Sugra unafunguliwa, na yeye akikohoa, akianza kuwafokea kuku wake. Kisha nikainuka kumwamsha kaka, nikamwambia punda arudi mtupu.